Ulimpiga na Nini?

Siku ya kuniaga, karani mkuu wa mahakama ya Mbale alinipa kipaza sauti akaniomba niseme machache. Nikakishika, nikangoja. Nikangoja tena. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa namngoja mtu mwingine aseme kwanza, ili mimi nitafsiri. Miaka thelathini na ushee nimesema maneno ya wengine, na siku hiyo ya kwangu hayakujua pa kutokea. Nikasema "Asanteni," nikala keki, nikarudi nyumbani Jinja.

Basi nimekaa hapa barazani Walukuba nayaandika taratibu, kwa ajili yenu wakalimani mnaoanza. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua. Jina langu ni Hadija Naigaga. Wengi wananiita Hajati, ingawa Makka nimeiona kwenye kalenda tu.

Kiswahili nilikiokota hapa hapa Walukuba, nilikozaliwa. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, na nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimepangwa kama masanduku. Mlango wa kulia Mluo kutoka Kenya, wa kushoto Mgisu, nyuma yetu familia ya Wanubi yenye watoto tisa na redio moja. Sisi watoto tuligombana kwa Kiswahili tukapatana kwa Kisoga. Sikujua kwamba huo ugomvi ndio utakaonipa kazi.

Siku yangu ya kwanza katika mahakama ya Jinja, kesi ilikuwa ya wizi wa kutumia bunduki katika duka la samaki wakavu kule Wanyange. Shahidi alikuwa bibi mmoja mzee, mwenye duka. Yeye alisema Kisoga, hakimu aliandika Kiingereza, na mshtakiwa aliomba Kiswahili. Kwa hiyo kila neno la bibi lilipitia kwangu mara mbili, moja kwenda juu kwa hakimu na moja kwenda pembeni kizimbani. Nilitaka wakubwa wajue kwamba Kiswahili ninakijua. Nikakitoa kwa kifua chote.

"Ulimwona huyu mtu akiwa na bunduki?" nikanguruma nikimtafsiria mshtakiwa swali.

Yule bibi akainua mikono juu, yote miwili, akashuka taratibu mpaka akakaa sakafuni nyuma ya ubao wa mashahidi.

"Sina kitu!" akalia kwa Kisoga. "Chukueni samaki!"

Hakimu akasimamisha kesi kwa dakika kumi. Mzee Tenywa, mkalimani mkuu, mtu mrefu mwenye koti lililokuwa na viraka vya rangi tatu, akanivuta kando hadi kwenye veranda. Nilidhani amekuja kunifukuza.

"Naigaga," akasema, "unajua yule bibi alikisikia wapi Kiswahili mara ya mwisho?"

"Sijui, Mzee."

"Kwenye vizuizi vya barabarani, miaka ile ya wanajeshi. Simama! Shuka! Lete kipande! Kwa watu wa umri wake hiyo si lugha, ni amri. Sasa wewe Kiswahili chako kimevaa buti. Kivue viatu, mwanangu. Kiingie ndani polepole."

Wiki nzima nikafanya mazoezi na kuku wa mama. Nilikuwa nawaambia kwa Kiswahili laini kwamba mahakama imewasikia na sasa wanaweza kushuka. Kuku hawakunielewa, lakini hawakukimbia, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka.

Mzee Tenywa ndiye aliyenifunza kila kitu ambacho hakuna semina itakayowafunza. Beba leso, kwa sababu mashahidi wanalia na mahakama haina bajeti ya machozi. Beba pipi za tangawizi, koo likikauka neno linakatika katikati. Usimtazame mshtakiwa usoni unapotafsiri hukumu, mtazame kidevu. Shahidi akikutukana wewe, tafsiri tusi lote bila kupunguza. Akimtukana hakimu, tafsiri vilevile, ila kwanza sogea hatua moja pembeni.

Kesi za bunduki ndizo zilizokuwa zinajaza ukumbi. Watu walikuja na watoto na mahindi ya kuchoma, kama wanaokwenda kutazama mpira. Nakumbuka Mama Kokila, Mhindi mwenye duka la vitambaa pale barabara kuu ya Jinja, aliyeingiliwa na mwizi mchana kweupe. Mahakama ikaandika barua Kampala kuomba mkalimani wa Kigujarati. Tukangoja wiki tatu. Mkalimani akafika, mtu wa makamo aliyevaa tai, akala kiapo kwa sauti nzuri. Mama Kokila akapanda kizimbani, akamsalimu hakimu kwa Kisoga, akaendelea kwa Kisoga mpaka mwisho, tena Kisoga cha ndani chenye methali ambazo mimi mwenyewe ilibidi nimuulize maana yake. Mkalimani wa Kigujarati alikaa siku nzima akitikisa kichwa kwa heshima.

"Nilijua bunduki yake ni ya uongo," Mama Kokila akasema. "Alikuwa ameishika kama mtu anayeshika jembe la kuazima."

"Kama ulijua ni ya uongo," wakili wa mshtakiwa akadakia, "basi hukuogopa?"

Mama Kokila akamtazama kama anavyomtazama mteja anayenusa kitambaa bila nia ya kununua.

"Wewe wakili, bunduki ilikuwa ya uongo. Moyo wangu uliposimama, ulisimama kweli."

Hakimu aliliandika neno hilo, nikamwona akilipigia mstari.

Na kuna siku bunduki ya kweli ililetwa kama kielelezo. Mshtakiwa, jamaa mmoja mnene mpole wa uso, alikuwa ameapa kwamba hajawahi kuiona maishani mwake. Hakimu akauliza kama imehakikishwa kuwa tupu. Polisi wakatazamana. Afande mmoja kijana, mwenye bidii kuliko maarifa, akaichukua aikague, mdomo wa bunduki ukipita taratibu mbele ya wazee wa baraza, mbele ya karani, mbele yangu. Sote tukainama. Kutoka chini ya kizimba ikasikika sauti ya mshtakiwa kwa Kiswahili:

"Afande, usivute hapo! Hiyo yetu inajifyatua yenyewe!"

Mwendesha mashtaka akanigeukia polepole akiwa ameshaanza kutabasamu. "Mkalimani, mshtakiwa amesema nini?"

Nikatafsiri. Na ile "yetu" nikaitafsiri wazi, kama nilivyofunzwa. Yule jamaa alifungwa miaka mingi, na ukumbi ulicheka mpaka lango la nje. Nami nilicheka. Jioni yake Mzee Tenywa tu ndiye ambaye hakuwa akicheka. Tulikuwa tunafunga madirisha.

"Umeiona namba pale ubavuni?" akaniuliza. "Imesuguliwa kwa tupa. Ile bunduki ilitoka ghala la mtu fulani, ikapita mikono ya mtu fulani, ndiyo ikamfikia yule mjinga wetu. Leo tumemfunga mjinga. Hao wengine wote hata majina yao hatujayauliza."

"Si kazi yetu kuuliza, Mzee."

"Si kazi yetu," akakubali, akafunga dirisha la mwisho.

Nilihamishiwa Mbale nikiwa mtu mzima, Mzee Tenywa akiwa ameshastaafu na baadaye kutangulia mbele ya haki. Mbale nilikaa miaka mingi kuliko nilivyotarajia. Nilitafsiri Kisoga, Kiganda na Kiswahili. Kigisu sikukijua zaidi ya salamu, na kwa Kigisu walikuwepo wakalimani wake. Lakini mjini pale, penye watu wa kila upande na mpaka wa Kenya karibu, Kiswahili kilikuwa na kazi nyingi, hasa vituo vya polisi. Afande akitoka kaskazini na mtuhumiwa akitoka mlimani, hukutana kwenye Kiswahili kama watu wawili wanaokutana kwenye ubao mwembamba juu ya mfereji, kila mmoja anaogopa kuanguka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Ilikuwa siku ya kuamkia Idi, asubuhi. Nilikuwa nimenunua mbuzi na kumfunga nyuma ya nyumba yangu. Nikapigiwa simu kutoka kituo kimoja cha polisi, ambacho sitakitaja, nikaombwa nikatafsiri maelezo ya mtuhumiwa mmoja kabla ya sikukuu, upesi upesi. Nikaenda.

Mtuhumiwa alikuwa kijana wa mtaa wa Namatala anayeitwa Gidudu, mfupi, mpana wa mabega, mbeba mizigo. Siku iliyotangulia lori la mahindi lilikuwa limefika kwenye ghala moja la nafaka, na makundi mawili ya wabeba mizigo yakagombania nani alishushe. Ngumi zikaruka. Katikati ya vurugu ukasikika mlio wa bunduki, na mbeba mizigo mwingine, Mafabi, akapatikana amepigwa risasi. Bunduki ilikuwa ya mlinzi wa ghala, mtu aitwaye Wopata, mwajiriwa wa kampuni ndogo ya ulinzi. Wopata aliwaambia polisi kwamba Gidudu alimnyang'anya bunduki, akapiga, kisha akaitupa.

Mkalimani wa Kigisu hakupatikana asubuhi hiyo, kwa hiyo tulitumia Kiswahili, ambacho Gidudu alijifunza akibeba magunia mpakani. Kilikuwa Kiswahili cha mgongo. Maneno machache, mazito, yasiyo na mapambo. Afande aliyekuwa na jalada, mwanamke mmoja aliyechoka kama mimi, akauliza kwa Kiingereza nini kilitokea. Nikamuuliza Gidudu. Akajibu:

"Bunduki ilikuwa pale. Mimi nilimpiga Mafabi. Akaanguka."

Simu yangu ikalia. Alikuwa jirani. Nikaikata. Afande akaniangalia kalamu ikiwa juu. Simu ikalia tena. Nikaikata tena. Nikasema kwa Kiingereza: bunduki ilikuwa pale, nilimpiga risasi Mafabi, akaanguka.

Mnaona lilipoingia neno ambalo hakulisema. Kiswahili chetu "kumpiga mtu" kinabeba kofi, ngumi, fimbo na risasi vyote katika kikapu kimoja. Kiingereza kinataka uchague. Na mtu akichagua, lazima kwanza aulize: ulimpiga na nini? Maneno matatu. Yasingenichukua muda wa kupiga chafya. Sikuyasema. Afande akaandika, Gidudu akatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, mimi nikatia sahihi kama mkalimani, nikakimbia nyumbani.

Mwaka mmoja na miezi minne baadaye, Mahakama Kuu ikakaa Mbale kusikiliza kesi kubwa. Ya Gidudu ilikuwa ya jaribio la kuua, ambayo mwisho wake unaweza kuwa kifungo cha maisha. Nilipoliona jina kwenye orodha halikuniambia kitu. Nawaambia hili ili mjue ubaya wake: nilikuwa nimemsahau kabisa.

Jaji alikuwa mama mdogo wa umbo, miwani mikubwa, sauti ndogo ambayo ilikufanya uinamie mbele kuisikia. Wakili wa utetezi, Bi Nandutu, alikuwa amepewa kesi hiyo na serikali na kuonana na mteja wake asubuhi hiyo hiyo, kwenye ngazi.

Aliyeanza ni Mafabi mwenyewe. Daktari alikuwa ameandika kwamba risasi ilimpata "sehemu ya kukalia", ikiingia kutoka chini kwenda juu. Alikuwa ameshapona, lakini alipoelekezwa kwenye kiti alikikataa.

"Nitasimama, Mheshimiwa. Siku hizi mimi na viti hatuaminiani."

Akaeleza kwamba walipigana, akaanguka, akainuka, akaukwea ubavu wa lori ili awe wa kwanza kufika kwenye magunia. "Nikiwa juu pale, nikasikia moto."

"Ulimwona aliyefyatua?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Macho yangu yalikuwa mbele, Mheshimiwa. Upande uliopigwa hauna macho."

Hata askari magereza walicheka. Kisha yakasomwa maelezo ya mshtakiwa, kwa Kiingereza, sentensi moja moja, nami nikiyarudisha kwa Kiswahili nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwa Gidudu.

"Bunduki ilikuwa pale," nikasema. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nilimpiga risasi Mafabi."

Akanigeukia. Si kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyechukua mzigo wa mwingine kwa bahati mbaya.

"Mama," akasema, "mimi nilisema nilimpiga. Hiyo risasi umetoa wapi?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka. Chumba, kalamu ya afande, simu. Vyote vikaja pamoja.

"Mkalimani," Jaji akasema, "mshtakiwa anasema nini?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema "Anakana, Mheshimiwa." Neno dogo, na lisingekuwa uongo mtupu. Waliojua Kiswahili ukumbini walikuwepo, lakini nani angesimama kunisahihisha, mimi Hajati, mkongwe wa mahakama nzima? Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nilisimama pale, pipi ya tangawizi ikiwa imekwama upande mmoja wa shavu.

Nikasogea hatua moja pembeni. Safari hii nilikuwa nasogea mbali na nafsi yangu.

"Mheshimiwa, mshtakiwa anamuuliza mkalimani hiyo risasi ameitoa wapi."

Jaji akavua miwani. "Mkalimani gani?"

"Aliyetafsiri maelezo haya kituoni, Mheshimiwa. Jina liko chini ya karatasi."

Akaitazama karatasi. Akanitazama. "Ni wewe."

"Ni mimi. Na neno risasi yeye hakulisema. Naomba nile kiapo kama shahidi."

Ilibidi atafutwe mkalimani wa kunitafsiri mimi. Akaletwa Wamimbi wa masjala, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiniomba nafasi ya kutafsiri nami nikimwambia bado hajaiva. Aliniapisha kwa msahafu, na alipoanza kumtafsiria Gidudu maneno yangu, alitumia sauti ambayo hata siku ya harusi yake sikumsikia nayo.

Mwendesha mashtaka hakuniachia.

"Shahidi, umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Imepita thelathini."

"Na hukujua kwamba neno hilo lina maana zaidi ya moja?"

"Nilijua. Nimewafundisha wengine."

"Kwa nini basi hukumuuliza alimpiga na nini?"

"Simu yangu ilikuwa inalia."

"Nani alikuwa anapiga?"

"Jirani."

"Kuhusu jambo gani la maana hivyo?"

Nilikuwa nimekula kiapo. "Mbuzi wangu alikuwa amekata kamba, Mheshimiwa. Alikuwa anakula kabichi za huyo jirani."

Ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja wa baraza alifunika uso kwa kofia yake. Wamimbi akalitafsiri neno mbuzi kwa upendo mkubwa. Nikageuka kumtazama Gidudu. Yeye hakucheka. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole vyake juu ya ubao wa kizimba, na nilihisi ninajua anahesabu nini. Ilikuwa miezi.

Kicheko kikafa chenyewe. Jaji akasema kwamba maelezo yale hayafai kutumika, na akauliza kwa sauti yake ndogo kwa nini maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili hayakuandikwa kwanza kwa Kiswahili, kama inavyotakiwa. Kisha akamwita Wopata, mlinzi.

Wopata alikuwa mwembamba, sare yake imefuliwa ikapauka. Akarudia kwamba alinyang'anywa bunduki. Bi Nandutu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akasimama akaomba ufagio wa mahakama. Akavua skafu yake, akaifunga kwenye mpini kama mkanda, akampa mlinzi.

"Tuonyeshe ulivyokuwa umeivaa."

Wopata akauvaa ufagio, mkanda ukipita begani na kifuani.

"Sasa mshtakiwa aje amnyang'anye."

Gidudu akashushwa kizimbani. Alikuwa mfupi kuliko Wopata kwa kichwa kizima. Akauvuta ufagio, Wopata akaja nao. Akauvuta upande wa pili. Wopata akaja tena. Wakazunguka mara mbili katikati ya mahakama kama watu wanaojifunza dansi, mpaka Jaji akasema inatosha.

"Bwana Wopata," akasema, "ufagio hautoki. Bunduki ilitokaje?"

Nilikuwa nimerudi kwenye kazi yangu, kwa ruhusa ya Jaji, maana Wamimbi alikuwa ameishiwa sauti. Nikamtafsiria Wopata swali hilo polepole. Akayainamisha macho.

"Nilipiga hewani tu," akasema. "Kuwatisha waache kupigana. Hewani, Mheshimiwa."

"Na hewani kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na Mafabi."

Safari hii hakucheka mtu. Jaji akaandika, akainua kichwa.

"Nani alikufundisha kutumia bunduki?"

"Meneja alinionyesha kwenye simu yake. Video."

"Basi?"

"Siku niliyoajiriwa walinipa sare, buti na bunduki. Buti hazikunitosha, nikazirudisha."

Gidudu aliachiwa huru wiki hiyo. Kuhusu ngumi aliyompiga Mafabi, Jaji alisema mtu huyu ameshailipia ngumi moja kwa namna ambayo hajawahi kuona ngumi ikilipiwa. Lakini hakuishia hapo, na hiki ndicho kitu ninachotaka mkikumbuke katika kazi yetu. Akaamuru bunduki ile ifuatwe kuanzia pale ilipofyatuliwa mpaka pale ilipotolewa. Nani aliitia sahihi asubuhi ile, nani aliruhusu, nani alisema video inatosha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi niliona meneja aliyevaa suti akipanda kizimba kile kile walichozoea kupanda wabeba mizigo. Kampuni yake ikanyang'anywa silaha mpaka walinzi wafunzwe.

Wopata alikiri kosa mbele ya hakimu. Akapewa adhabu ya kutumikia jamii: kusafisha wodi ya wanaume hospitalini, ile ile aliyolazwa Mafabi, na asishike bunduki tena. Kuna waliosema ni adhabu ndogo. Mafabi mwenyewe alisema ni ndogo. Mimi nilitafsiri nikanyamaza, lakini moyoni niliona afadhali. Angefungwa miaka kumi, bunduki ingepata mtu mwingine mwenye buti zisizomtosha.

Mimi niliandika barua kwa msajili nikajishtaki. Nikapewa onyo la maandishi. Limo katika faili langu, kwa Kiingereza safi sana. Nikamwambia Wamimbi ameiva.

Lakini onyo la msajili si kitu. Jumamosi moja mchana nikabeba sukari na sabuni, nikapanda bodaboda hadi Namatala, nikauliza kwa mama yake Gidudu. Watu walinionyesha njia bila kuniuliza mimi ni nani, na kutokana na walivyonitazama nadhani walijua.

Mama yake, Mama Nambozo, alikuwa ameketi juu ya mkeka mbele ya mlango akimenya mihogo ya kukaanga. Gidudu alikuwa kando, amechutama, akimnyooshea mkono mtoto wa kike wa kama mwaka mmoja, aliyezaliwa yeye akiwa mahabusu. Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya bibi yake, anamchungulia baba kama mgeni. Gidudu aliniona, akaurudisha mkono.

"Karibu, Mama," akasema. Hakutabasamu.

Nikaweka sukari na sabuni chini. Hakuna aliyevigusa. Nikamsalimu Mama Nambozo kwa Kigisu changu cha salamu, akaitikia, kisha akaendelea kumenya. Gidudu akasema, "Hajui Kiswahili."

Basi nikasimama pale, mkalimani wa lugha nne, sina hata moja ya kumfikia huyu mwanamke.

"Utanisaidia?" nikamuuliza Gidudu.

Kisha akainuka, akasimama kati yetu, hatua moja kutoka kwangu.

"Sema," akasema.

"Mimi ndiye niliyeyageuza maneno ya mwanao. Nilikuwa na haraka, sikumuuliza. Nimemwibia mwaka mzima na zaidi, na wewe nimekuibia. Naomba msamaha."

Gidudu akamgeukia mama yake akaanza. Nilitegemea maneno machache, kama yangu. Akasema, akaendelea kusema. Akaonyesha mikono, akamwonyesha mtoto, akajigusa kifua. Sauti ikapanda, ikakaribia kukatika, ikashuka. Mahali fulani mama yake akaguna. Mahali fulani akacheka kidogo, kicheko cha pua. Kisha akafuta macho kwa mgongo wa ule mkono wenye kisu. Mimi nilisimama nikisikiliza kwa masikio yote niliyo nayo, nisiambulie kitu.

Alipomaliza, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Umemwambia nini?"

"Uliyosema," Gidudu akajibu.

Mama Nambozo akasogea upande mmoja wa mkeka. Akachukua kisu kingine, akakiweka kwenye ile nafasi, na juu yake akaweka muhogo.

Nikavua viatu, nikakaa.